Darasa Lililoogopa Mkasi

Katika chuo chao cha ushonaji mjini Naryn, Kirgizia, hakuna aliyekuwa na daftari nadhifu kama la Perizat. Vichwa vya masomo kwa wino mwekundu, maelezo kwa bluu. Mwalimu Nurjamal alisoma, wasichana wakanakili, na alama zilitolewa kwa unadhifu wa daftari. Mama yake Perizat, Sonun, alilionyesha kwa kila mgeni aliyekuja kunywa chai.

Mkasi ulikaa kabatini mwaka mzima, eti vitambaa visiharibiwe.

Karibu na Nooruz, sikukuu ya mwaka mpya, Sonun alimpa binti yake mahameli amshonee kizibao. Perizat alikata, akaunganisha. Upande mmoja ukang'aa, wa pili ukawa mweusi tii. Vinyweleo vya kitambaa vilielekea juu huku, chini kule.

"Mama, mimi basi!" alilia. "Namfuata binamu Moscow nikafagie barabara."

Mwana mkubwa wa Sonun alikwenda hukohuko, na sasa ni mtu wa simu tu. Mama akakichukua kizibao mbio hadi kwa jirani yake Kalipa, fundi aliyestaafu kiwandani.

"Dada, mwanangu ni mvivu?"

Kalipa alikipapasa, akacheka. "Mvivu wapi! Ameiandika mahameli, hajawahi kuishika. Twende kwa mwalimu wake."

Nurjamal alinuna. "Nikiwapa vitambaa, wataharibu!"

"Waache waharibu mashuka makuukuu, Mwalimu. Waulize wanataka kushona nini, maana mtu hushika upesi anachokipenda. Waonyeshe, wajaribu, ndipo waandike walipokosea."

Wanafunzi saba walikuwa wameshaacha chuo, naye Nurjamal alijua. Jumatatu alifungua kabati.

"Haya, nani anataka kushona nini?"

Wasichana walitazamana. Hawakuwahi kuulizwa.

"Kizibao," alisema Perizat.

Alikata shuka akakosea, akakata tena akakosea. Nurjamal akamshika mkono, akampitisha kidole juu ya kipande cha mahameli mpaka akahisi vinyweleo vinakolalia. Wiki ya tatu kizibao kilikaa sawasawa. Wanne kati ya wale saba walirudi chuoni.

Mwezi wa tano binamu alipiga simu. "Kazi ipo. Unakuja lini?"

Sonun alikuwa akimimina chai. Akaweka birika chini.

Perizat alitoa pini mdomoni. "Siji, binamu. Kesho nawafundisha wenzangu kukata mahameli."