Gakenia Chini ya Leso

"Huyu mwanaume hanijui, Madam. Harusi ni wiki tatu zijazo na hanijui," Gakenia alisema hata kabla hajaketi.

Fabian, mchumba wake, alikuwa amekodolea macho sakafu. Nelima, mshauri mwenye ofisi ndogo pale Milimani, aliwasogezea maji.

"Nielezeni, nami nijue."

"Siku ya ruracio, ya kuleta mahari kwetu Nyeri, tulifunikwa leso wasichana watano, kichwa mpaka miguuni, ndio bwana harusi achague wake. Huyu akanipita, akamshika mkono binamu yangu Shantel. Watu walicheka. Mimi sijacheka mpaka leo. Sasa amua, Madam. Niolewe ama niache?"

"Mimi si mzee wa kijiji. Maisha yenu mnayajua nyinyi, mimi najua kuuliza tu. Hii tutaifungua sisi watatu. Wewe ungependa kujua nini?"

Gakenia alikuwa amekuja na hasira, hakuja na swali. Mguu wake wa kulia ukaanza kugongagonga sakafu.

"Nataka kujua aliangalia nini siku hiyo."

"Sikuangalia kitu," Fabian alisema. Akaweka simu mezani. "Niliogopa kukosea mbele ya wazee wako. Nikaomba msaada."

Ujumbe ulikuwa wa Shantel: "Gakenia ni wa tatu kutoka mlangoni. Usiniangushe shem."

Wa tatu alikuwa Shantel mwenyewe. Gakenia akampigia hapo hapo.

"Shantel, kwa nini?"

"Kwani amekuonyesha? Ilikuwa mchezo tu." Kisha sauti yake ikashuka. "Sawa, haikuwa mchezo. Nilitaka kujua mtu anasikiaje akichaguliwa."

Gakenia alikata simu. Moyo ulimuuma, lakini si kwa sababu ya Shantel.

"Kumbe hukukosea, Fabian. Uliiba jibu. Afadhali ungekosea."

"Najua. Na nimeona aibu kila siku."

"Mngependa tufanye nini na hili?" Nelima aliuliza.

Fabian ndiye aliyejibu. "Nichague tena, bila simu."

"Na ukikosea, hakuna harusi," Gakenia akasema.

"Na kabla ya siku hiyo?" Nelima akauliza.

"Aniangalie tu. Wiki nzima. Sijawahi kuangaliwa."

Nelima akawapa kalamu, wakaandika mapatano yao wenyewe.

Jumamosi, sebuleni kwa Gakenia kule Migosi, wanawake watano walisimama chini ya leso. Becky, jirani, alishika simu ya Fabian na kusimamia shughuli. Fabian akapita mara moja. Akapita mara ya pili, akiinama kuangalia miguu.

"Chagua basi, chai inapoa," Becky alisema.

Fabian akainuka. Akikosea, ameachwa.

"Gakenia hayuko hapa."

"Una uhakika, Bwana?" Becky aliuliza.

"Hawa wote wametulia. Gakenia akiwa na wasiwasi, mguu wake wa kulia hautulii hata umfunge kamba."

Ndipo wakasikia jikoni, nyuma ya pazia, kitu kikigonga sakafu. Fabian akavuta pazia.

"Nilitaka kujua kama utathubutu kusema mbele ya watu kwamba siko," Gakenia alisema, machozi yakimtoka. Akampa mkono.

Jioni Nelima alipata ujumbe wao: "Madam, harusi iko. Shantel pia amealikwa, lakini leso aache nyumbani."