Mémoire Mbili

Kila akitoka shuleni, Jémima alifagia uwanja wa nyumba yao huko Kapata, akanyunyizia maji vumbi lisiruke, kisha akaketi sebuleni kando ya mama yake. Mama Angèle alipiga video za arusi na kuziunganisha mwenyewe kwa kompyuta. Lakini wiki hii Jémima alikaa pale roho juu juu, akingoja mashine ikwame.

Nayo ikakwama. Bi arusi Honorine alikuwa ndiyo kwanza anaingia kanisani, na picha ikaganda palepale.

"Tena," mama alisema, akijifuta uso. "Kesho asubuhi Mama Fidélie anakuja kuchukua filamu ya arusi ya mutoto wake. Nitamwambia nini?"

Kosa lilikuwa la Jémima, na hakuna mwingine aliyelijua. Walipokwenda mjini kununua kompyuta, alijigamba kwamba masomoni wamemfundisha yote, basi mama akamwachia achague. Muuzaji, Tata Stany, aliuliza, "Munataka mémoire gani?" Jémima hakuelewa swali, ila aliona haya kuuliza. Akajibu mbiombio, "Ile kubwa kabisa." Stany akamletea kompyuta ya kawaida, na diski kubwa ya kuchomeka pembeni.

Jumatatu ndipo mwalimu alipoeleza kwamba watu hapa huita vitu viwili kwa jina hilo moja la mémoire, yaani kumbukumbu. Kuna diski, inayotunza filamu. Na kuna barrette, kibao chembamba kinachobeba kazi wakati kompyuta inafanya kazi. Diski ni kabati, barrette ni meza. Hapo hapo darasani Jémima alielewa kosa lake. Alikuwa amemchagulia mama yake kabati kubwa, na meza isiyotosha hata sahani moja.

"Ni Gael huyu," mama akasema ghafla. "Njo yeye anacheza michezo mu mashini. Gael, kuya hapa."

Gael, mdogo wake Jémima, alikuja. "Hapana mi, mama. Mi sikugusa."

"Unabisha? Tata yako akitoka kazini, atakuuliza yeye mwenyewe."

Nyumba nzima ilijua baba yao, Tata Josias, anavyouliza: kwa fimbo. Gael alimtazama dada yake, akaanza kulia bila sauti. Jémima alimwogopa mama, akamwogopa baba, na zaidi ya yote aliogopa kuitwa mwongo. Lakini machozi yale yalimshinda.

"Mama, hapana Gael. Njo mi, kosa ni langu," alisema. "Siku ile sikujua mémoire gani. Nilisema tu. Mashini ilitaka barrette, hapana diski."

Mama hakufoka; alimgeukia tu Jémima.

"Umejua tangu lini?"

"Jumatatu."

"Na ukaniacha nihangaike." Mama alizima kompyuta, akaifunga ndani ya kitenge. "Leta ile diski. Vaa viatu."

Bahati yao, diski ilikuwa bado ndani ya boksi lake, haijafunguliwa. Dukani, mama alimsogeza Jémima mbele ya meza. Jémima alilazimika kueleza mwenyewe mbele ya wateja.

"Na mi nilikosea," Stany alisema. "Ningeuliza kwanza munafanya kazi gani." Akaichukua tena diski, akatoa barrette badala yake, akaichomeka ndani ya kompyuta. Jioni hiyo Honorine alitembea mpaka altareni bila kukwama, na filamu ikamalizika.

Mama alimvuta Gael kifuani. "Unisamehe, mwanangu. Nilikulaumu bure." Kisha akamgeukia Jémima. "Neno 'sijui' si aibu. Ungelisema pale dukani, jambo lingekwisha palepale. Ulilificha, na kidogo tu mdogo wako apigwe kwa ajili yako. Usipojua, sema, tuulize wote wawili. Na ukikosea, sema kabla mwingine hajabeba kosa lako."

"Ndiyo, mama," Jémima alijibu. Akaenda kuketi karibu na Gael, akamwomba msamaha.