Ukuta Uliokataa Kukauka

Ukuta mmoja wa maktaba ulikataa kukauka. Jua la Ifakara hukausha mpunga kwenye turubai kabla mtu hajamaliza chai, lakini ukuta ule ulibaki mbichi siku nenda siku rudi, na Mwalimu Agnetha akaanza kuupita kwa mbali.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya majembe na madawati mabovu. Mkuu wa shule alitaka kiwe maktaba kabla ya ugeni wa wilayani, naye mkuu kwa wageni hajambo, kazi ikamwangukia Agnetha na darasa lake la sita. Watoto waliipenda kuliko hesabu. Walipanga vitabu kwa urefu kama wao wenyewe mstarini, wakakata maua ya karatasi, na ukuta uliobomoka wakaukandika udongo ili wachore swala aina ya sheshe na viboko.

Udongo huo ndio uliomnyima Agnetha usingizi. Ulitoka kwenye kichuguu nyuma ya mashamba, kilichofungwa kaniki na kumwagiwa unga mweupe. Digna, msichana mpole wa darasa lile, alisita na jembe mkononi, akasema bibi zao huomba mvua pale. Agnetha ni mzaliwa wa Malinyi. Alikua akimwona bibi yake akimwaga unga kama ule. Alijua vizuri kabisa. Ila wageni walikuwa njiani, na udongo wa kichuguu hushika kuliko mwingine wowote.

"Udongo ni udongo tu, Digna. Toa hicho kitambaa, uchimbe."

Ilianza harufu ya kambale wabichi katika chumba kisicho na samaki. Ukafuata mkwaruzo, kucha zikitafuta njia ndani ya ukuta. Kisha mchana mmoja Digna aliingia kurudisha kitabu akabaki ameukabili ukuta ule, na wenzake walipomwita aligeuka taratibu, macho yamepanda juu, maji ya matope yakimchuruzika mdomoni hadi kwenye sketi, na sauti iliyomtoka kifuani ilikuwa ya mzee, nzito, yenye hasira ya mtu aliyeamshwa, ikiuliza nyumba yangu iko wapi, nyumba yangu iko wapi, mpaka darasa zima likakimbia nje kupitia madirishani.

Wazazi walijaa shuleni. Mkuu aliuliza nani aliyechagua kichuguu kile.

"Ni watoto wenyewe," alisema Agnetha. Neno lilimtoka kirahisi, na papo hapo akajichukia.

Aliitwa Mzee Teofili, mganga kutoka Mofu, mtu wa rozari shingoni na hirizi mfukoni. Aliamuru udongo ubanduliwe na kurudishwa kichuguuni. Ulirudishwa wote, na bado Digna alilala kwenye mkeka wa maktaba akikoroma matope, pumzi zikipungua.

"Mwenye kichuguu anamtaka aliyetoa amri," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Atamke mbele yenu wote, ndipo huyu bwana arudi kwake. Mkichelewa, mtoto hafiki jioni."

Agnetha aliangalia sakafu. Aliwaza kazi yake, aliwaza nyuso za wazazi wale. Ndipo Theresia, mama yake Digna, akaja kwa magoti akamshika miguu.

"Utusamehe, mwalimu. Mwanangu amekuharibia kazi yako."

Hilo lilimchoma Agnetha kuliko kofi. Alitamani ardhi immeze. Alipiga magoti penye mkeka akalia kwa uchungu wa kweli, na watu wakasema mwalimu huyu ana huruma. Hata hapo hakuthubutu. Alisogeza midomo sikioni kwa mtoto, mahali ambapo hakuna mzazi angesikia, akanong'ona, "Ni mimi."

Digna akavuta pumzi ndefu. Macho yakashuka, mdomo ukakauka, akamtazama mama yake kisha mwalimu aliyeinama juu yake. Theresia alikuwa analia kwa furaha.

"Shikamoo, mwalimu," mtoto alisema kwa sauti yake mwenyewe.

Agnetha akafungua mdomo amjibu.

"Marahaba," ikaitika kifuani mwake ile sauti nzito ya mzee wa ukutani.