Chai Kabla ya Majina

Kila asubuhi Dhapu alichota maji bombani, akakanda unga wa uwele, akaoka mikate miwili mikubwa. Baba yake, Harjiram, alikula, akajifunga kilemba na kutoa baiskeli.

"Tangulia tu, Baba," Dhapu alimwambia. "Mimi bado nafunga nywele."

Nywele zilikuwa zimeshafungwa. Hakutaka wenzake wamwone akitoka naye katika lango lile.

Lilikuwa lango la gereza la wazi, pembeni mwa mji mmoja wa Rajasthan. Wafungwa waliokwisha kutumikia miaka mingi kwa mwenendo mzuri waliishi humo na familia zao. Mchana walifanya kazi mjini, jioni walirudi kuitwa majina. Baraza la wafungwa wenyewe ndilo lililoita. Aliyekosekana bila sababu alirudishwa nyuma ya kuta za gereza kuu.

Harjiram alimuua jirani yake kwa jembe, katika ugomvi wa maji ya shamba. Mke wake alifariki yeye akiwa nyuma ya kuta hizo. Sasa alikuwa akipiga chapa za maua kwenye vitambaa, na vidole vyake vilibaki vya bluu kwa rangi.

Shuleni, Dhapu alikuwa amemwambia rafiki yake Vimla kwamba baba yake ni askari wa gereza.

Siku ya Gangaur, sikukuu ya wanawake na wasichana, masomo yalipokwisha, Vimla alimshika mkono. "Twende kwetu tukaimbe. Au askari wako atakutia pingu?"

"Hathubutu!" Dhapu alicheka, akaenda bila kuaga nyumbani.

Harjiram alipotoka kazini alikuta chumba kimefungwa. Alikwenda shuleni, kisha akaulizia mtaa kwa mtaa, hadi aliposikia nyimbo za wasichana. Jua lilikuwa linashuka.

"Karibu, shemeji askari!" mama yake Vimla alimpokea aliposema yeye ni baba yake Dhapu. "Kumbe leo umevaa kiraia?"

Harjiram alimtazama binti yake. Dhapu aliinamisha kichwa.

"Nimekuja kumchukua mtoto," Harjiram alisema.

"Siku ya Gangaur utoke kwangu kinywa kikavu? Haiwezekani. Keti. Na wewe ndiye mwenye funguo, nani atakufungia nje?"

Askari hangekuwa na haraka. Harjiram aliketi. Alimimina chai aliyoletewa kwenye kisahani, akaipuliza na kuinywa huku macho yake yakiwa mlangoni. Pikipiki ya mume wa mwenye nyumba ilikuwa uani. Neno moja la kweli lingetosha kuwafikisha kwa wakati. Hakulisema.

Walipofika langoni, majina yalikuwa yameshaitwa.

"Harjiram, ulikuwa wapi?" aliuliza Mzee Mularam, mwenyekiti wa baraza, mfungwa mwenye mvi.

"Nilichelewa, mzee."

"Hilo nimeliona. Nakuuliza sababu. Kesho afande ataniuliza, nami nitamwambia nini?"

"Mwambie nilichelewa."

Dhapu alisimama kando. Alielewa kwamba baba yake alikuwa tayari kurudi nyuma ya kuta ili uongo wa bintiye usifichuke.

Asubuhi alikwenda mbio kwa akina Vimla. Mama yake Vimla alikuwa anafagia uani.

"Mama, nilisema uongo. Baba si askari. Ni mfungwa. Jana alikuwa ananitafuta, ndiyo maana akachelewa. Wasipopata shahidi watamrudisha."

Ufagio ulisimama. "Alifanya nini?"

"Aliua mtu."

Vimla alikuwa mlangoni. Alimtazama Dhapu, kisha akaingia ndani. Mama yake aliuegemeza ufagio ukutani, akajifunika ushungi. "Chai nilimlazimisha mimi," alisema. "Twende."

Mbele ya afande alieleza aliyoyaona, wala hakuongeza neno. Afande alimsikiliza, akampa Harjiram onyo na kumzuia asiende kijijini kumwona mama yake mgonjwa msimu huo. Lakini alimwacha abaki. Mama yake Vimla aliondoka bila kumuaga Dhapu.

Jioni Dhapu alimkuta Mzee Mularam anamwagilia mbogamboga zake.

"Babu, leo Vimla hakukaa na mimi darasani."

"Huenda asikae tena. Hilo siwezi kukudanganya." Mzee aliweka ndoo chini. "Baba yako alikubali kosa lake mbele ya hakimu, akalitumikia. Wewe ulilificha kwa aibu, na yeye akauficha uongo wako kwa ajili yako. Mlikuwa mnapendana, lakini mngetenganishwa. Mtu anayerudi kwa watu hurudi na jina lake na kosa lake. Watakaompokea, wampokee wakijua."

Asubuhi iliyofuata Harjiram alitoa baiskeli na kusubiri kuambiwa atangulie. Dhapu alichukua mkoba wake, akashika kiti cha baiskeli, wakatoka langoni pamoja. Wasichana wawili wa darasa lake walikuwa wanapita barabarani. Mmoja alimnong'oneza mwenzake. Dhapu aliwasikia, akaendelea kutembea.