Nywele za Ghorofa Mbili

Kila Jumapili alasiri, vyombo vya mchana vikishaoshwa, Naima alichukua chanuo lake na kichupa cha mafuta ya nazi, akaenda saluni kwa mama mdogo Esha. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kupanga karibu na soko la Newala. Ilikuwa na kioo kirefu, viti viwili vya plastiki na ndoo za maji zilizofunikwa kwa uangalifu zaidi kuliko sufuria ya nyama. Newala iko juu na chemchemi ziko chini bondeni, kwa hiyo maji ni ya kubembeleza. Mwezi wa Oktoba bomba likikohoa kidogo tu, watu hukimbia na ndoo kabla halijanyamaza.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa tumtazame mgonjwa wetu anaendeleaje."

Mgonjwa huyo alikuwa nywele za Naima. Desemba iliyopita, kulipokuwa na harusi ya binamu yake huko Masasi, Naima aliomba, akalia, akasusa na chakula, mpaka mama mdogo Esha akakubali kumwekea dawa ya kulainisha nywele. Siku hiyo bomba lilikuwa kavu. Dawa ile hutaka kusuuzwa kwa maji mengi mpaka iishe kabisa, lakini Naima alisuuzwa kwa ndoo moja tu. Harusini alimeremeta kweli. Baada ya siku chache kichwa kikaanza kuwasha, na nywele zikawa zinabaki kwenye chanuo.

Mama mdogo Esha hakumsingizia mtu. Alikuja nyumbani, akakaa mkekani mbele ya baba na mama, akasema, "Nimekosea. Sitaweka tena dawa kwenye kichwa cha mtoto, awe wangu au wa mwenzangu."

Tangu hapo walikuwa wanaotesha nywele upya, na kazi hiyo ilikuwa ya kuudhi. Karibu na ngozi ziliota nywele za Naima mwenyewe, nene na za kujikunja. Juu yake zilining'inia zile za dawa, nyembamba na zilizonyooka. Mahali zilipokutana ndipo zilipokatika, wiki hii upande wa kushoto, wiki ijayo kisogoni.

"Tuzikate hizi za dawa zote, tuanze moja," mama mdogo alimwambia tena siku hiyo.

"Hapana, mama mdogo! Nitabaki na nini?"

"Utabaki na kichwa," alijibu akicheka. "Basi, tutakata ncha kidogo kidogo. Ila uwe na subira. Nywele hazioti kwa kufokewa."

Shuleni subira ilikuwa ngumu. Wasichana waliruhusiwa kusuka mistari, na mistari ya Naima ilikuwa na vinyweleo vilivyosimama huku na huku. Wenzake wa darasa la sita walimtungia jina. "Ghorofa mbili huyo! Chini matofali, juu mabati!" Siku moja uvumilivu ukamwishia. Akasimama juu ya dawati akapaza sauti, "Tukitoka likizo fupi mtaniona! Mtaniomba niwafundishe!" Darasa zima likapiga makofi ya dhihaka. Maneno yakishatoka hayarudi, na Naima alikuwa amejifunga kwa ulimi wake mwenyewe.

Jirani yake wa dawati aliitwa Loveness, binti wa mwalimu aliyehamia kutoka Mbeya. Jioni ile alimwonyesha video kwenye simu ya mama yake. Mwanamke mwenye nywele za kufika mabegani alikuwa akisifu mafuta ya korosho.

"Anasema yanakuza nywele haraka," Loveness alisema. "Ila kile kichupa bei yake usiulize."

Naima alicheka. "Mafuta ya korosho? Sisi korosho tunazikanyaga!"

Likizo ilipoanza, watu wote wa nyumbani walikuwa shambani wakiokota korosho. Naima alisema tumbo linamuuma, akabaki. Nyuma ya nyumba aliinjika kipande cha bati kwenye mafiga, akamwaga bakuli zima la korosho mbichi, akazichoma. Moshi ulimchoma macho. Mafuta meusi yakaanza kutoka kwenye maganda yakitiririka hadi kwenye kopo alilolitega pembeni.

Mtoto yeyote wa Newala anajua kwamba ganda la korosho mbichi huunguza midomo. Naima alijua. Lakini alijua pia kwamba korosho ikishachomwa huliwa bila madhara, akajiambia kuwa moto umeua sumu. Hakuwaza kwamba labda moto haukuiua, bali uliitoa tu kwenye korosho na kuiweka mahali pengine. Mahali penyewe palikuwa ndani ya kopo lake. Akachanganya mafuta yale na ya nazi, akafunga pamba kwenye kijiti, akapaka mstari kwa mstari, pale pale nywele mpya zilipokutana na za dawa. Kopo akalifukia, na bati akalirudisha lilipokuwa.

Siku ya kwanza ilipita salama, naye akaanza kujitazama kwenye kioo kila saa. Siku ya pili kichwa kilimwasha. Siku ya tatu aliamka na malengelenge yanayotoa maji, paji la uso limevimba na jicho moja halifunguki vizuri. Mama yake alipomwona alipiga kelele, akamfunga kanga kichwani na kumkimbiza kituo cha afya.

Muuguzi wao, Nesi Claudia, hakuwa mwenyeji wa huku, na vidonda vya korosho hakuvizoea. Alikitazama kile kichwa, akakunja uso.

"Hapa pameunguzwa na kitu. Umepaka nini?"

Naima alitazama sakafu. Alifikiria korosho alizoiba, baba alivyokataza kuchezea moto nyuma ya nyumba, na darasa zima litakavyoangua kicheko.

"Unasukwa saluni?" muuguzi akauliza. "Wamekuwekea dawa?"

Naima akatikisa kichwa kukubali.

Hakusema hata neno moja, lakini ule ulikuwa uongo kamili, wenye miguu na mbio. Nesi Claudia aliandika dawa ya kupaka na vidonge, akaonya kidonda kisiguswe na kisitiwe maji. Mama alitoka pale akilia kwa hasira. Kufika jioni, soko zima lilishajua kwamba Esha amemchoma mtoto wa dada yake kwa dawa, tena safari ya pili, kwa ubahili wa maji.

Siku iliyofuata Loveness alikuja kumjulia hali. Alisubiri mama atoke ndipo akasogea.

"Naima, ni yale mafuta?"

"Nyamaza!"

"Nimepita saluni kwa mama yako mdogo. Hakuna mteja hata mmoja. Na Bi Sijaona, mwenye chumba, amemwambia mwisho wa mwezi ahame. Anasema hataki kesi kwenye nyumba yake."

Naima aligeukia ukutani. "Nikisema sasa baba ataniua."

"Na usiposema?" Loveness aliuliza. Kisha aliaga akaenda zake.

Kichwa hakikupona. Kila siku malengelenge mapya yalitokea kando ya yale ya zamani, na Naima hakuelewa kwa nini. Usingizi ulimpaa. Alipofumba macho aliviona vile viti viwili vya plastiki vikiwa vitupu.

Siku ya pili yake baba alimwita mama mdogo Esha nyumbani. Alikuja na kikapu chake cha kazini, macho mekundu, akapiga magoti kuamkia. Baba, mtu wa maneno machache, siku hiyo alikuwa nayo mengi.

"Shemeji, mara ya kwanza tulikusamehe. Ulikaa hapo hapo mkekani ukaapa. Leo tena?"

"Shemeji Hamudi, mwaka jana nilikosea na nilikiri. Mara hii sikuweka dawa. Naapa kwa Mungu."

"Mtoto mwenyewe kamwambia nesi!"

"Basi tumuulize mtoto," alisema mama mdogo.

Wote watatu wakamtazama. Naima alifumbua mdomo, akaufumba, kisha akainamisha kichwa. Baba akasema, "Umeona? Hata kukutazama anaogopa."

Mama mdogo Esha alikiweka kikapu chini. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imechoka.

"Msimlazimishe, ni mgonjwa. Labda kuna kitu nilipaka bila kujua. Nitafunga saluni, nirudi kwa mama yangu, kijijini Lisekese. Lakini kabla sijaondoka, hebu nimtazame. Nywele zimegandana na kidonda, hazitampa nafuu. Nani mwingine atazifumua pole pole?"

Akasogea nyuma ya Naima, akaifungua kanga. Naima alisikia pumzi yake ikikatika kwa uchungu. Kisha akaiona mikono ya mama mdogo kwenye kioo cha kabati. Ilikuwa mitupu, vidole vimenyooshwa, inashuka taratibu kuelekea kwenye mistari yenye mafuta ambayo hayakuwahi kuoshwa. Mikono hiyo ndiyo iliyomlisha. Ndiyo iliyosuka nusu ya watoto wa mtaa.

"Usishike!" Naima aliruka akapiga ukelele. "Usishike, mama mdogo, yatakuunguza! Ni mafuta ya maganda ya korosho! Nilipaka mwenyewe! Nilidanganya!"

Akaanguka mkekani akilia, akasimulia yote, toka dawati hadi kopo lililofukiwa. Mama alijishika kichwa. Baba alisimama, na Naima akajikunja akisubiri fimbo. Baba hakwenda kutafuta fimbo. Alikwenda uani kwenye tangi la maji ya mvua, lile lililofungwa kwa kufuli na kutunzwa mpaka mvua za Desemba. Akalifungua, akateka ndoo ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwosheni," alisema. "Leo mtu asihesabu ndoo. Na wewe shemeji, nisamehe. Nilikuhukumu kabla sijakusikiliza."

Mama mdogo alitoa glovu kwenye kikapu chake, akavaa. Akazikata nywele zote, za dawa na za asili pamoja, mpaka kichwa kikabaki kitupu. Kisha akamwosha kwa sabuni na kumsuuza, ndoo baada ya ndoo, akipuliza pale palipouma. Naima alilia, lakini hakuomba waache.

Walipomrudisha kituo cha afya, Nesi Claudia alisikiliza mpaka mwisho, akapumua kwa nguvu. "Ndiyo maana hukupona! Mafuta yaliendelea kukuunguza chini ya dawa yangu. Ukimficha muuguzi, unamfunga macho halafu unamwambia akutibu." Akambadilishia dawa, na baada ya siku chache uvimbe ukaanza kushuka.

Ilibaki kazi moja. Baba alimpeleka Naima saluni, lakini akasimama mlangoni. "Hapa mimi sina la kusema," alimwambia. Bi Sijaona alikuwa barazani na majirani wawili, na mama mdogo alikuwa ndani akifungasha vikapu vyake. Naima aliamkia, akafungua kanga yake, na kichwa chenye makovu kikaonekana na wote.

"Mama mdogo hakunichoma. Nilijichoma mwenyewe kwa mafuta ya korosho, nikamsingizia."

Majirani walitazamana. Mmoja alisonya. Bi Sijaona alimkazia macho.

"Mwanangu, umenitia dhambini," alisema. "Esha, chumba ni chako. Vifungue vikapu vyako."

Mtu angedhani wateja walirudi siku ile ile. Hawakurudi. Wiki ikapita, kisha nyingine. Naima alikwenda kila Jumapili, sasa bila chanuo, akafagia na kujaza ndoo. Shuleni walimcheka, na alipowasimulia ukweli walicheka zaidi, halafu wakachoka.

Jumapili moja wakiwa wamekaa peke yao, mama mdogo alimpapasa kichwani. Vinywele vipya vilikuwa vimeanza kuchomoza, vyeusi na vya kujikunja, isipokuwa pale penye makovu.

"Mama mdogo, umenisamehe?"

"Nilikusamehe pale ulipoionea huruma mikono yangu. Lakini sikia, mwanangu. Nywele zikikatika huota tena, hata ukilala usingizi. Kinachotakiwa ni subira tu, na wewe uliikimbia subira ukakutana na moto. Jina la mtu si kama nywele. Likikatwa, mwenyewe hawezi kuliotesha peke yake. Lazima aliyelikata aje, aseme kweli, tena aiseme kila inapotakiwa, hata kama inamwaibisha."

Naima aliitikia kwa kichwa. Wakati huo mwanamke mmoja akatokea mlangoni, amemshika binti yake mdogo mkono. Hakuingia. Alikitazama kichwa cha Naima, akamtazama mama mdogo, akaanza kumvuta mtoto nyuma.

Naima aliinuka, akakifuta kiti cha plastiki kwa kanga yake, akakisogeza mbele.

"Karibu, mama," alisema. "Usiogope. Kichwa hiki nilikiunguza mwenyewe. Kaa hapa nikusimulie, na mama mdogo amsuke mtoto."

Yule mama alisita kidogo, kisha akavua viatu akaingia.