Debe la Lakiri Nyekundu

Ijumaa, saa 4:30 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha bucha moja pale Chikongola kilinuka utumbo. Inzi walitua midomoni mwa watu bila hodi. Emmanueli, meneja wa duka la ushirika, alikuwa anakula maini ya kukaanga, mafuta yakimteremka mpaka kwenye kiwiko. Lione! Serikali inaliandama, na bado linajilamba vidole.

"Wakaguzi wa bei wameniita mara mbili," alisema. "Wanataka vitabu na funguo za ghala. Sikwenda. Leo wameniletea barua."

Hassani, mkuu wa genge, aliisoma kwa sauti. Kukataa kujibu, kuficha vitabu, kuharibu sampuli: kifungo miaka miwili.

"Sampuli gani?"

"Debe la mafuta ya kula. Walilichukua dukani kwa nguvu, wakalipiga lakiri, muhuri wa nta. Kesho linapanda ndege kwenda Dar, kwa mkemia."

"Yana nini hayo mafuta?" Aliyeuliza ni Ismaili, fundi wa makufuli.

"Bei tu. Nimepandisha kidogo. Acha maswali ya kipolisi, bwana."

Hassani akapanga. Saa saba wakaguzi wote wawili wako msikitini. Ismaili anafungua ofisi yao, anatoka na debe begani, anakatisha sokoni. Hassani anamsubiri upande wa pili na pikapu. Debe linamwagwa baharini. Basi.

Ismaili hakuhoji tena. Akili yake ilikuwa hospitali, kwa mama yake. Tangu Jumanne mama huyo alikuwa anatapika, miguu imekufa ganzi. Daktari alikuwa amesema jambo moja tu: "Nikijua alichokula, nitajua pa kuanzia."

Saa 7:05 mchana.

Kufuli la ofisi halikumsumbua Ismaili. Debe lilikuwa juu ya kabati, lakiri nyekundu mdomoni. Alipoliinua likamvujia mkononi kutoka kwenye mshono wa chini. Akanusa.

Kabla ya makufuli, Ismaili alikuwa utingo wa malori miaka sita. Harufu ile haikumpotea. Oili ya mashine! Bei gani inapimwa na mkemia, wewe mjinga? Wiki iliyopita Emmanueli alimpa chupa ya mafuta ya duka lile lile, bakshishi ya kazi nyingine. Naye akampelekea mama kwa mbwembwe, mafuta yalivyoadimika.  Ismaili akalibeba debe. Hospitali, si baharini.

Saa 7:15.

Kwenda hospitali nako ni kupitia sokoni, na hapo ndipo ulipoonekana upumbavu wao. Wezi wazoefu wazima! Walipanga kufuli, wakapanga saa, wakapanga pikapu, na hakuna aliyekumbuka gunia la kufunikia. Mwaka ule wa uhaba, debe la mafuta lipite sokoni mchana kweupe?

"Kaka, yanauzwa wapi?" Mwanamke wa kwanza, Felista, alimfuata na chupa tupu. Nyuma yake wakaja watano, wakaja thelathini, wanasukumana kwa viwiko. Foleni ikamziba njia.

Hassani akaja mbio. Akauona umati, akawaona polisi kwa mbali, akacheka.

"Wauzie," alinong'ona. "Debe likibaki tupu, ushahidi kwisha."

"Ni sumu, Hassani."

"Kwani utakula wewe? Wauzie!"

Ptuu! Ismaili alikuwa ameiba miaka minne, lakini uchafu wa namna ile hakuwahi kuuona. Akalitua debe, akalikumbatia kwa mikono miwili.

"Ni ya wizi! Ni sumu! Msinunue jamani!"

Kisu cha Hassani kikampasua bega, kikarudi tena. Hakuachia. Wanawake wakapiga mayowe, Hassani akatokomea vichochoroni.

Saa 7:25.

Polisi walifika pamoja na Emmanueli, aliyekuwa akichungulia kutoka dukani kwake.

"Afande, mwizi ndiye huyo! Debe ni mali ya ushirika. Nirudishieni."

"Kanituma yeye," alisema Ismaili, damu ikimchuruzika. "Humo mna oili ya mashine. Pelekeni kwa daktari kwanza, mama yangu anakufa. Halafu niulizeni mtakalo, nitajibu lote."

"Muongo! Mafuta safi kabisa."

Afande akabandua lakiri, akachota kidogo kwa kifuniko. "Onja, meneja."

Emmanueli akakisukuma kifuniko kando.

Felista alikuwa bado mbele ya foleni, anaitazama chupa yake.

"Meneja," alisema taratibu, "Jumatatu uliniuzia. Nimewapikia wanangu siku nne."