Rudi Ulikotaka

Mpanga kurasa alipokohoa, usomaji haukukatika.

Walikuwa wawili tu chumbani, ghorofa ya juu ya nyumba ya uchapishaji. Msahihishaji, ambaye wenzake walimwita Bi Nukta, alikuwa ameinamia prufu, kurasa za majaribio, kalamu nyekundu mkononi. Mpanga kurasa, shemeji yake, mume wa mdogo wake, alimsomea mswada kwa sauti ili alinganishe neno kwa neno. Shemeji akakohoa, akameza mate, na huku kinywa kimefumba sauti yake ikasoma maneno mawili zaidi ndipo ikanyamaza.

"Umesikia?" aliuliza Bi Nukta.

"Nisikie nini, shemeji?"

Akajiambia masikio yamechoka.

Kitabu kilikuwa cha tabibu mmoja mwanamke, mfukuza majini hodari, aliyeandika maneno anayoyatumia kazini. Mwandiko wake ulisema wazi: *Rudi ulikotoka.* Prufu ikasema: *Rudi ulikotaka.* Bi Nukta akaizungushia ile *a*, akaandika *o* pembeni. Shemeji akarekebisha kwenye kompyuta mbele ya macho yake. Prufu mpya ikatoka na *a*. Wakarudia tena. *A* ile ile.

"Unanichezea?"

"Haki ya Mungu, si umeniona mwenyewe?"

Mhariri mkuu akaingia, uso umemvimba. "Herufi moja, dada yangu! Nani ataiona? Kitabu kimechelewa, na wewe umekilalia kama kuku mtamia mayai!"

"Herufi hiyo inamruhusu jini aende anakotaka. Sitii sahihi."

Mhariri akacheka, akatia prufu kwapani, akashuka nayo.

Shemeji, akitaka kumtoa hasira, akaokota karatasi ya prufu ya awali yenye mstari ule na kuusoma kwa mbwembwe: "Rudi ulikotaka!" Hapo hapo chumba kikanuka nywele zilizoungua. Shemeji akaacha kutabasamu. Akakunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni, akaenda nyumbani bila kuaga.

Kesho yake asubuhi mdogo wake Bi Nukta alipiga simu, akinong'ona.

"Dada, huyu si mume wangu."

"Kafanya nini?"

"Yuko sebuleni anasoma. Hana kitu mkononi, dada. Anasoma tu."

Bi Nukta alimpitia tabibu, wakaenda pamoja. Walimkuta shemeji ameketi wima, viganja vimefunuka kama ameshika kitabu, macho yakikimbia kushoto na kulia juu ya hewa tupu, na kinywani mwake sauti tatu zikipokezana, ya mtoto, ya kizee na moja isiyokuwa ya mtu, huku ile harufu ya nywele ikiwaingia puani hadi machozi yakawatoka na mkewe akajibanza mlangoni, hathubutu kuingia, hathubutu kukimbia.

Tabibu akamshika kichwa. "Rudi ulikota..." Ulimi ukapinda. Akajaribu tena, na kila mara neno likamtoka na *a*, mpaka jasho likamlowesha kanga.

"Analigeuza mdomoni mwangu," alinong'ona. "Wewe ndiye umelikazia macho neno hili. Litamke."

Bi Nukta akafumba macho. Akaiona ile *o* aliyoiandika pembeni, nyekundu, ya mviringo. Akalisoma kama anavyosoma kazini, silabi kwa silabi, bila haraka, wakati kitu kisichoonekana kikimbana koo na shemeji akimcheka kwa sauti zote tatu:

"Rudi. U-li-ko-to-ka."

Shemeji akaanguka kifudifudi. Alipoinua uso alimwita mkewe kwa jina lao la chumbani, na mkewe akamkimbilia, akilia na kucheka.

Tabibu naye alicheka, kisha akamgeukia Bi Nukta.

"Tumemrudisha alikotoka. Alitoka wapi?"

"Kwenye prufu," alisema Bi Nukta, akiitafuta simu yake. "Mhariri aliichukua."

Akampigia mchapaji wa ghorofa ya chini. Mngurumo ulijaa simuni.

"Bi Nukta, njoo," mchapaji alisema kwa sauti ya chini. "Nimezima mashine. Nimechomoa hata waya. Bado inachapa."

"Usiguse karatasi! Wafunga vitabu wako wapi?"

"Wako hapa. Wamesimama wote, kila mmoja na ukurasa wake."

Nyuma yake alizisikia sauti za wafunga vitabu, kina mama wote, zikisoma mstari ule taratibu, kwa pamoja.

"Wanyang'anye! Unanisikia? Wanyang'anye sasa hivi!"

Mchapaji alikuwa ameanza kusoma nao.